Mwajiri wa mume wangu anafikiria kuhama Colorado kwa sababu ya sheria za silaha: je, hili ni tishio tu au wataondoka kweli?

Mama Wawili aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa undani, si kwa ushabiki wa vyama. Mume wangu anafanya kazi katika kiwanda kimoja kaskazini ya Denver kinachotengeneza vifaa vya ziada vya bunduki: vitako vya plastiki, vishikio, na magazini, yaani yale makasha ya kuwekea risasi. Kiwanda hicho hakiundi bunduki yenyewe hata moja. Amekaa hapo miaka tisa, na sasa ndiye msimamizi wa zamu ya usiku.

Wiki iliyopita wakubwa wa kampuni waliwakusanya wafanyakazi wote na kuwaambia kwamba wanatafakari kuhamia jimbo jingine kwa sababu ya sheria za Colorado. Walitaja mambo matatu: ile sheria ya mwaka 2013 inayokataza magazini zenye uwezo wa kubeba risasi zaidi ya 15, ushuru wa asilimia 6.5 juu ya mauzo ya silaha na risasi, ambao wapiga kura waliuidhinisha Novemba 2024 na ukaanza kutozwa Aprili 2025, na sheria ambayo Gavana Jared Polis aliitia saini tarehe 10 Aprili 2025, iliyopangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2026, inayobana uundaji na uuzaji wa bunduki nyingi za nusu otomatiki zenye magazini inayochomoleka. Hawakusema lini wataondoka wala wataelekea wapi. Walisema tu kwamba "milango yote iko wazi", wakagawa vinywaji, wakaondoka.

Tuna nyumba ya mkopo ambayo bado tunailipa, na watoto wawili walio shuleni. Mama mkwe anaishi nasi na anatibiwa hapa hapa. Mume wangu anasema maneno haya ameyasikia tangu aajiriwe na hayajawahi kuzaa kitu. Mimi moyo wangu haujatulia. Ningependa kufahamu kama kampuni za aina hii huhama kweli kwa sababu ya sheria, au sheria ni kisingizio cha kutafuta kodi ndogo na mishahara midogo. Na kama huhama, ni dalili gani zinazotangulia. Nisameheni kwa urefu wa maelezo.

Fundi Kalibu alijibu:

Dada Mama Wawili, pole kwa mashaka. Nimefanya kazi ya kalibu kwa miaka 22 katika viwanda vya plastiki hapa Marekani, na kimoja kati ya viwanda hivyo kilihama nikiwa mfanyakazi wake, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa karakana na kuwaachia wengine upande wa sheria.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mtengenezaji wa vifaa vya ziada huhama kwa wepesi kuliko muundaji wa bunduki. Anayeunda bunduki ana leseni ya serikali kuu inayofungamana na anwani ya kiwanda, kila silaha aitoayo lazima iwe na namba yake na iandikwe kwenye daftari, na mitambo yake ya kufua na kuchonga chuma imekaa juu ya misingi ya zege iliyojengwa kwa ajili yake tu. Kitako na magazini, machoni pa sheria ya serikali kuu, si silaha. Havihitaji namba, na anayevitengeneza hahitaji leseni hiyo. (Kiwambo cha sauti, yaani kile cha kupunguza mlio wa bunduki, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1934 inakiweka katika kundi la silaha.) Mali kubwa ya kiwanda kama cha shemeji ni kalibu, yaani vile vipande vya chuma kigumu vyenye uwazi wa umbo la bidhaa, ambamo plastiki iliyoyeyuka husukumwa na kupozwa. Kalibu hufunguliwa kwenye mashine, hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, hufungwa juu ya chaga ya mbao, hupandishwa kwenye lori, na inaweza kufungwa kwenye mashine nyingine katika jimbo jingine kabla juma halijaisha. Nimeshuhudia kalibu ikitoka kwetu Ijumaa jioni na kuanza kutoa bidhaa kwingine Jumatano iliyofuata.

Lakini kutoa bidhaa ni jambo moja, na kutoa bidhaa inayofaa ni jambo jingine. Magazini nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Nailoni hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi, na isipokaushwa kwa saa za kutosha kabla ya kuyeyushwa, bidhaa hutoka na mistari ya fedha na huvunjika kirahisi. Nyuzi za kioo nazo husaga chuma cha kalibu kidogo kidogo, hivyo vipimo hubadilika mwezi baada ya mwezi. Midomo ya magazini, pale risasi inapoponyoka kuingia kwenye bunduki, ikipinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni, risasi hukwama. Anayejua kwamba mashine namba nne huhitaji joto la ziada saa nane za usiku ni mtu kama mume wako, na ujuzi huo hauandikwi popote. Mahali nilipokuwa, mabwana walihamisha kalibu zote wakaacha mafundi karibu wote, na miezi sita baadaye walikuwa wakitupigia simu nyumbani kuuliza namna ya kuzitibu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wenzangu kadhaa walikuwa wameshauza nyumba zao kwa hasara. Basi dada, ujue kwamba shemeji ni sehemu ya mtambo isiyopakiwa kwenye lori bila ridhaa yake, na hilo linampa nafasi ya kujadiliana ambayo pengine hajaitambua.

Kuhusu swali lako kama huhama kweli, jibu liko hapo hapo Colorado. Magpul, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 na kujijengea jina kwa magazini za plastiki, ilikuwa Erie, si mbali na mlipo. Mapema mwaka 2013, muswada wa magazini ulipokuwa bungeni, ilitangaza waziwazi kwamba ukipita itaondoka. Wengi walidhani ni maneno ya kutisha wabunge. Muswada ulipita, ukatiwa saini tarehe 20 Machi 2013, na tarehe 2 Januari 2014 Magpul ikatangaza kwamba uzalishaji na usambazaji vinakwenda Cheyenne, Wyoming, na makao makuu yanakwenda Texas. Ilikuwa na wafanyakazi takriban 200. HiViz ya Fort Collins, watengenezaji wa vifaa vya kulengea shabaha, nayo ilivuka mpaka ikaenda Laramie. Utaona kwamba kampuni zote mbili ni za vifaa vya ziada, na viwanda vyao havikwenda mbali: Cheyenne ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Erie kwa barabara kuu ya I-25. Viwanda vingi huchagua mahali ambapo wanaweza kuwabakisha mafundi wao wachache wa lazima. Kama kampuni ya shemeji itataja Wyoming, jambo hilo lina uzito kuliko ikitaja jimbo lililo upande wa pili wa nchi.

Msoma Sheria alijibu:

Dada yangu, kaka Fundi Kalibu amelieleza vizuri suala la mitambo. Mimi naomba nilitenganishe neno "sheria", kwa sababu katika mijadala hii watu hulitumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Sheria ya silaha inaweza kukataza kumiliki, kuuza, kuingiza jimboni, au kutengeneza. Mambo haya manne hayafanani hata kidogo kwa mwenye kiwanda. Sheria ya Colorado ya mwaka 2013 ilikataza kuuza, kuhamisha na kumiliki magazini za zaidi ya risasi 15, isipokuwa zile ambazo mtu alikuwa nazo kabla ya tarehe 1 Julai 2013. Lakini iliacha mlango mpana kwa watengenezaji: kiwanda kilichomo Colorado kiliruhusiwa kuendelea kutengeneza magazini kubwa ili kuziuza kwa majeshi, kwa idara za serikali, kwa serikali za nje zilizoidhinishwa, na kwa wanunuzi walio nje ya jimbo ambao huko waliko wanaruhusiwa kuzimiliki. Sharti jipya kubwa lilikuwa alama ya kudumu kwenye kila magazini kubwa iliyotengenezwa jimboni, kuonyesha kwamba ilitengenezwa baada ya tarehe hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Magpul ilifukuzwa na sheria, hajakueleza yote. Kisheria ingeweza kubaki. Iliamua kuondoka.

Sasa fikiria upande wa soko, kwa maana hapa ndipo hesabu nyingi zinapopotoka. Kuhama hakurudishi soko lililofungwa. Magazini ya risasi 30 iliyotengenezwa Cheyenne haiwezi kuuzwa kihalali dukani Denver, kama vile ile iliyotengenezwa Erie isivyoweza. Na kiwanda kilichobaki Colorado hakizuiwi na sheria ya jimbo lake kuuza Texas. Kwa sababu hiyo, kampuni inayosema "tunahama kwa kuwa sheria imetuharibia mauzo" inastahili kuulizwa maswali zaidi. Anayehama hupata vitu vingine: hofu ndogo kwamba bunge litafunga ule mlango wa watengenezaji mwaka ujao, kodi nafuu (Wyoming haitozi kodi ya mapato, si kwa mtu wala kwa kampuni, ilhali Colorado inatoza), ruzuku na mikopo ya jimbo linalompokea, na jambo la mwisho ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote katika biashara hii, yaani heshima mbele ya wateja.

Kuhusu heshima hiyo, watu wa biashara hii hawajasahau yaliyoipata kampuni ya bunduki ya Smith & Wesson. Machi 2000, kampuni hiyo, iliyokuwa mali ya Tomkins ya Uingereza, ilikubaliana na serikali ya Rais Clinton kuweka vifungio vya usalama na kuwabana wauzaji wake. Wanunuzi waliisusa. Tomkins, iliyokuwa imeinunua kwa zaidi ya dola milioni 110 mwaka 1987, iliiuza mwaka 2001 kwa dola milioni 15 pamoja na madeni yake, na aliyeinunua alikuwa kampuni ndogo ya Arizona iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya bunduki. Tangu hapo hakuna mwenye kiwanda anayetaka kuonekana amekaa kimya mbele ya sheria ambayo wateja wake wanaichukia. Kutangaza kuhama, hata kabla ya kuhama, ni ujumbe kwa mteja. Ndiyo maana nakubaliana na mumeo kwa nusu: matangazo ni mengi kuliko uhamisho. Ila sikubaliani naye kwamba yeyote aliyetangaza hatahama.

Katika yale matatu waliyoyataja wakubwa wake, ningeyapanga hivi. Ule ushuru wa asilimia 6.5 hutozwa kwenye mauzo ya rejareja yanayofanyika Colorado, kwa hiyo kwa kiwanda kinachouza nchi nzima una athari ndogo, na kuhama hakuuondoi. Sheria ya 2013 wameishi nayo zaidi ya miaka kumi. Ile ya 2025 ndiyo ya kusomwa kifungu kwa kifungu, kwa sababu inagusa uundaji wenyewe, imeongeza adhabu za makosa ya magazini kubwa, na imeviweka vifaa vinavyoongeza kasi ya ufyatuaji katika kundi la silaha hatari. Kama kampuni ya mumeo haitengenezi vifyatulio vya aina hiyo na haiundi bunduki, basi maumivu yake ni ya mzunguko: bunduki chache zikiuzwa jimboni, vitako vichache vitauzwa jimboni. Muulize ni sehemu gani ya mauzo yao inabaki Colorado. Nitashangaa ikiwa kubwa.

Mkaa Springfield aliandika:

Naomba niongeze ya huku Massachusetts, kwa sababu yanatia nguvu hoja moja na kuidhoofisha nyingine.

Septemba 2021 Smith & Wesson, iliyokuwapo Springfield tangu miaka ya 1850, ilitangaza kupeleka makao makuu na sehemu kubwa ya shughuli zake Maryville, Tennessee, ikisema kwamba chanzo ni muswada uliowasilishwa bungeni Massachusetts wa kukataza kutengeneza baadhi ya bunduki zake kwa matumizi ya raia. Ajira takriban 750 zilihusika. Muswada wenyewe haukupita. Naomba ndugu Msoma Sheria alitazame hilo: kampuni haikungoja hata sheria iwepo, iliondoka kwa sababu ya uwezekano. Lakini zaidi ya ajira 1,000 zilibaki Springfield, hasa za kufua na kuchonga chuma. Shughuli za plastiki walizokuwa nazo Deep River, Connecticut, ziliingizwa katika mpango wa uhamisho. Chuma kilibaki, plastiki ikaondoka, na hiyo ndiyo hoja ya mzee Fundi Kalibu. Mwaka huo huo Troy Industries ya West Springfield, ambayo jina lake lilianza kwa vifaa vya kulengea na reli za kufungia vifaa kwenye bunduki, ilitangaza kwenda Clarksville, pia Tennessee.

Kisa cha pili kinauma zaidi. Remington, kampuni ya bunduki iliyoanzia mwaka 1816, ilikuwa Ilion, New York, kwa karibu karne mbili. Gavana Andrew Cuomo alipotia saini ile sheria kali ya silaha Januari 2013, watu wa Ilion walianza kuhofia, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kiwanda kikubwa Huntsville, Alabama, kwa ahadi ya ajira takriban 2,000 na msaada mnono wa fedha za umma. Idadi hiyo haikufikiwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020, ikagawanywa vipande. Waliobaki na kiwanda cha Ilion walikifunga Machi 2024 na kupeleka kazi LaGrange, Georgia, wakitaja hali ya sheria za New York miongoni mwa sababu. Chama cha wafanyakazi wa migodini, ambacho ndicho kilichokuwa kikiwawakilisha, hakikuweza kuwazuia. Ukiuliza nini kiliiua Ilion, wengine watasema sheria, wengine watasema madeni ambayo wawekezaji waliirundikia kampuni kwa miaka mingi. Nimewasikia watu wenye akili zao wakigombana kwa hilo. Mimi naamini madeni yalifanya kazi kubwa kuliko sheria, ingawa sheria ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya kuaga.

Kwa hiyo dada, usitazame sheria peke yake. Tazama pia nani anamiliki kampuni na ana haraka gani ya fedha.

Jirani wa Aurora aliandika:

Nimesoma yote kwa makini, na namwombea dada huyu na familia yake. Nina neno moja tu, kwa kuwa tumekuwa tukiizungumza sheria ya 2013 kana kwamba ilishuka kutoka hewani ili kuwasumbua watengenezaji.

Tarehe 20 Julai 2012 watu 12 waliuawa katika ukumbi wa sinema hapa Aurora. Muuaji alikuwa na magazini ya duara ya risasi 100. Ilikwama kabla hajaimaliza, na wako watu wanaoishi leo kwa sababu ilikwama. Miezi mitano baadaye watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Mmoja wa waliousimamia ule muswada wa magazini alikuwa Rhonda Fields, mwakilishi wa Aurora, ambaye mwanawe mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 2005. Wabunge walijua kwamba kiwanda cha Erie kinaweza kuondoka, walihesabu ajira hizo, wakaupitisha hata hivyo, na wawili miongoni mwao, John Morse na Angela Giron, waliondolewa kwenye viti vya Seneti kwa kura ya wananchi Septemba 2013. Sheria haikufutwa.

Sisemi haya kumhukumu mume wa dada. Mtu anayefanya kazi ya halali usiku kucha ili alishe watoto hana haja ya kujitetea kwangu. Nasema ili ajue kwamba kusubiri bunge la Colorado ligeuke ili kiwanda kibaki ni kusubiri jambo ambalo halijatokea kwa miaka yote hii, na apange maisha yake akilijua hilo.

Mama Wawili aliandika tena:

Shikamoo Mzee Fundi Kalibu, na nawashukuru nyote. Jirani wa Aurora, maneno yako nimeyapokea kwa heshima. Mtoto wangu mkubwa ana umri wa wale wa Sandy Hook, na hakuna usiku ambao sijalifikiria hilo tunapozungumzia mkate wetu unakotoka.

Nimemuuliza mume wangu maswali mliyonipa. Kuhusu mauzo, anasema katika maboksi anayoyaona zamu yake, ya Colorado ni machache sana. Mengi huandikwa Texas, Florida na Arizona, na mengine ni ya maagizo ya serikali. Kuhusu dalili, hapo ndipo aliponyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mwezi uliopita ziliagizwa kalibu mbili mpya na kwamba hati ya mzigo ina anwani ya Cheyenne. Alidhani ni ghala la mtu wa kati. Pia meneja wa uzalishaji amemwuliza mara mbili kama ana kinyongo na baridi. Na kuna kikao kingine Alhamisi.

Msoma Sheria alijibu:

Dada, mambo mawili ya kisheria kabla ya Alhamisi. Ikiwa kampuni ina wafanyakazi 100 au zaidi, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1988 inaitaka itoe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda na kuwaondoa watu 50 au zaidi, kwa hiyo haiwezi kuwafungia mlango asubuhi moja bila kuwajibika. Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu kuhusu uhamisho: mfanyakazi akipewa nafasi katika kiwanda kipya, kwa masharti fulani hahesabiwi kuwa amepoteza ajira. Asitie saini karatasi yoyote ya "kuonyesha nia" kabla wakili wa kazi hajaisoma.

La pili ni kwamba ruzuku za Wyoming kwa viwanda hupita kwenye bodi ya jimbo inayokaa hadharani, na kumbukumbu za vikao vyake hutolewa kwa umma. Hata kampuni ikikaa kimya, ombi lake likifika kwenye bodi hiyo mtaliona.

Fundi Kalibu alijibu:

Marahaba mwanangu. Kalibu mbili mpya zenye anwani ya Cheyenne si ghala la mtu wa kati. Kalibu haiwekwi ghalani, inawekwa karibu na mashine, maana ni ghali na inashika kutu. Mtu anayeagiza kalibu mpya badala ya kuhamisha za zamani anataka kuanza uzalishaji kule huku cha huku kikiendelea, ili maagizo yasikatike. Ndivyo na mimi ningefanya kama ningekuwa na kazi ya kuhamisha kiwanda. Na lile swali la baridi si mazungumzo ya kupitisha muda. Wanamtaka.

Basi aende Alhamisi akiwa ameshaamua nini atakidai. Asizungumzie mshahara kwanza. Aombe maandishi ya mambo haya: gharama ya kuhama ilipwe na kampuni, pamoja na hasara ya nyumba kama itauzwa chini ya deni lake; kama hamhami, alipwe mafuta na muda wa barabara kwa kipindi kinachotajwa kwa miezi, kwa maana I-25 wakati wa theluji na upepo wa mpakani hufungwa mara nyingi na mtu wa zamu ya usiku hawezi kuibahatisha; na cheo chake kihifadhiwe kule, kwa sababu nimeona wasimamizi wakiombwa kufundisha wageni na kisha kurudishwa kuwa waendesha mashine. Kuhusu mama mkwe, bima ya kampuni ikihamishiwa jimbo jingine orodha ya madaktari hubadilika, kwa hiyo waulize hilo mapema na mpate jibu kwa maandishi kabla ya jambo jingine lolote.

Na amtazame meneja machoni amwulize swali moja la kifundi: katika orodha ya mitambo iliyoagizwa kwa ajili ya Cheyenne, je, vikaushio vya nailoni vimo? Kama vimo, wamepanga kutengeneza magazini kule na tarehe imekaribia. Kama havimo, bado wana miezi mingi mbele yao, na ninyi pia.